Ndoa Bila Harusi

Tulimzika mwanamume mmoja aliyekuwa akisali nasi. Msomaji wa historia ya marehemu alipofika mahali pa kumtaja mke alisita, kisha akasema, "Ameacha mzazi mwenzake na watoto wanne." Huyo "mzazi mwenzake" alikuwa ameishi naye miaka kumi na saba na kumuuguza hadi mwisho. Alikuwa ameketi mkekani mbele yetu, akisikia kwamba hastahili hata kuitwa mjane.

Sisi wachungaji na wazee wa kanisa tulijua habari zao muda wote. Tulipomwuliza mama huyo kwa nini hakaribii Meza ya Bwana, alijibu, "Mchungaji, hela ya harusi hatuna." Tukamhesabu miongoni mwa waliotengwa, wala hatukurudi kumwuliza tena.

Je, wawili hawa walikuwa wameoana?

Wapo wanaosema kwamba ahadi ya moyoni yatosha, kwa kuwa Mungu anaiona. Tusiidharau hoja hii. Isaka alimwingiza Rebeka hemani, na Maandiko hayataji ibada yoyote. Kwa karne nyingi Kanisa la Magharibi lilitambua ndoa kwa ridhaa ya wawili, hadi Mtaguso wa Trento ulipoamuru mwaka 1563 kwamba lazima wawepo padri na mashahidi. Luther naye, katika kitabu chake kidogo cha ndoa cha mwaka 1529, aliihesabu ndoa kuwa jambo la kidunia, ambalo kila nchi ina desturi yake. Mchungaji akiombwa, huibariki. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya nchi yetu, kifungu cha 160, huwachukulia waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke kuwa wameoana.

Lakini dhana hiyo ya sheria yaweza kupingwa. Ndugu wa marehemu wakimkana mama yule, itambidi aende mahakamani na kuwaita majirani wamsemee, huku bado ana msiba. Hapo ndipo tunapoona upungufu wa ahadi ya siri. Mungu anaiona, ndiyo, ila yule dhaifu kati ya wawili hana wa kumtetea siku ahadi inapokanwa. Mashahidi wapo kwa ajili yake.

Boazi alilijua hilo. Alikwenda langoni pa mji, akaketisha wazee kumi, akatamka mbele yao kwamba anamtwaa Ruthu. Hapakuwa na ukumbi, kamati wala sare. Hata hivyo Ruthu, mgeni tena mjane, aliondoka akiwa na mji mzima wa kumshuhudia.

Basi kiapo cha hadharani tusikiache. Tunachopaswa kukiacha ni mzigo tuliokitwika: kadi za michango, ukumbi, keki, mpiga picha, na aibu ya kuonekana maskini. Matangazo ya Jumapili tatu, mashahidi wawili, ibada ya kawaida na chai baada yake vinatosha kabisa.

Wengine watauliza kama hatutakuwa tunahalalisha dhambi. Wanaokuja kufunga ndoa wanakuja kutengeneza, na toba yao tutaipokea. Lakini nasi tuna ya kwetu ya kutubu, kwa kuwa tuliwafungia mlango watu waliokosa fedha, tukadhani tunailinda ndoa.

Mama yule amerudi Mezani. Tumewaomba wazee wa kanisa wamwandike mjane katika daftari la usharika, nao wamekubali. Tumechelewa, maana mumewe hakuisikia baraka hiyo.

Wewe unayeishi na mwenzako vivyo hivyo, nendeni wote wawili kwa mzee wa kanisa wa mtaa wenu. Nendeni hata kama hamna shilingi mfukoni.