Ila Iliyofichwa

Mwenye kuuza gari lililokwisha kutumika anajua mambo asiyoyajua mnunuzi. Anajua kuwa injini inakula oili, kuwa ubavu mmoja ulinyoshwa baada ya ajali, na kuwa rangi mpya imepakwa juu ya kutu ya zamani. Akiulizwa husema kweli, asipoulizwa hunyamaza. Je, kimya chake ni uongo?

Swali hili lina umri mkubwa kuliko magari. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika juu ya mtu auzaye nyumba yenye boriti zilizooza, jambo ambalo hakuna alijuaye isipokuwa mwenyewe. Akawashindanisha wanafalsafa wawili. Diogenes alishika kuwa kunyamaza si kuficha, kwa maana mnunuzi hakulazimishwa kununua. Antipater alishika kuwa kumwacha mtu aingie hasarani kwa kutojua ni dhuluma. Cicero alimwunga mkono Antipater. Sheria ya Kiislamu, iliyojulikana pwani yetu tangu kale, huelekea upande huo huo: mnunuzi akigundua ila iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa kitu, ana hiari ya kukirudisha.

Watetezi wa kimya husema kuwa mnunuzi ana macho. Kweli, na ayatumie. Injini aiwashe ikiwa baridi, kwa sababu ikitangulia kupashwa moto huweza kuficha kelele zake. Atazame moshi, maana moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ainue zulia atafute tope la mafuriko. Alinganishe kilomita zinazosomeka na pedali zilizolika. Magari mengi yashushwayo Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani yamepita mnadani, na karatasi ya mnada huandika kilomita. Hiyo na itafutwe mapema, kwa kuwa mita hurudishwa nyuma. Lakini hata fundi hodari haoni ndani ya kila bomba la breki. Macho yakomapo, mnunuzi hubaki na neno la muuzaji tu.

Kwa hiyo mimi natofautisha. Bati lililobonyea linaonekana na kila mtu. Halina haja ya kutangazwa. Breki ambayo mwenyewe anaijua kuwa mbovu ni neno jingine kabisa: watakaolipa ni mnunuzi, na watoto atakaowapakia, na mpita njia asiye na fungu katika biashara hiyo.

Tena yuko mwingine aibiwaye, naye ni muuzaji mwaminifu. Mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alilieleza jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari haya haya. Mnunuzi asiyeweza kutenga gari zima na bovu hutoa bei ya katikati, mwenye gari zima huona amepunjwa, akaliondoa sokoni, mabovu yakabaki.

Imesalia habari ya dalali. Yuko amkatazaye mwenye gari kumsimulia ajali zake, ili akiulizwa aape kuwa hajui. Hajasema uongo hata neno moja. Hata hivyo simwoni kuwa na udhuru: kutojua kwake alikutafuta mwenyewe, tena kwa malipo.