Mwenye Kundi Ni Mchungaji



Ndugu zangu Waislamu, mama zetu mlio upande wa pili wa pazia, vijana mliokosa nafasi mkakaa nje kwenye mikeka, tumshukuru Mola aliyetufikisha Ijumaa nyingine. Najiusia mwenyewe kumcha Mwenyezi Mungu kabla sijawausia nyinyi, maana jambo la leo limo kwenye mfuko wa kanzu yangu kama lilivyo kwenye mifuko yenu. Ni simu.

Agosti 2024 nchi hii ilitikiswa na video. Binti mmoja alifanyiwa ukatili na kundi la wanaume, wakamrekodi, na unyama wao ukasambaa mitandaoni. Polisi wakawaomba wananchi waache kuisambaza. Tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, mahakama mjini Dodoma iliwahukumu wanaume wanne kifungo cha maisha. Watu wakasema haki imetendeka, na kwa wale wanne ni kweli. Lakini naomba nisiulize ni wangapi humu video ile iliwafikia. Wale wanne hawakuwa na namba zetu. Aliyefikiwa huku, awe Nachingwea mjini au Ruponda, awe Mnacho au Mbekenyera, aliletewa na mtu anayemjua, kwenye kundi analolijua: la harusi, la timu, la wakulima, la waliosoma pamoja. Na kila kundi lina admini. Huyo admini ndiye ninayetaka kuzungumza naye leo.

Najua jibu lake. Atasema, "Sheikh, mimi sikuandika kitu. Nilifungua kundi tu, watu wazima wanaweka wanachotaka." Ndugu yangu, Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga. Akamtaja kiongozi, akamtaja mwanamume kwa watu wake, mwanamke kwa nyumba ya mumewe, mpaka akamfikia mtumishi kwa mali ya bwana wake. Mtumishi, ambaye mali si yake! Sasa wewe unayeweza kufuta ujumbe wa mtu usionekane tena na yeyote, unayeweza kumtoa mtu, unayeweza kulifunga kundi asiandike mwingine ila wewe, unajitoa vipi kwenye hesabu hiyo? Aliyepewa uwezo hana udhuru wa asiye na uwezo.

Tuiangalie Surat an-Nur, kwa sababu watu wengi wanakisoma kisa cha uzushi dhidi ya mama yetu Aisha (r.a.) kama habari za wanafiki peke yao. Jeshi lilikuwa linarudi kutoka vita vya Banu Mustaliq. Bibi Aisha akachelewa akitafuta mkufu wake uliopotea, msafara ukaondoka, na Safwan bin Muattal akamkuta na kumfikisha kwa heshima zote. Abdallah bin Ubayy akapata pa kupenyeza sumu yake. Madina ikachafuka kiasi cha mwezi mzima kabla wahyi haujashuka kumtakasa.

Angalieni walioadhibiwa. Wapokezi wanawataja watatu waliopigwa viboko 80: Mistah bin Uthatha, Hassan bin Thabit na Hamna bint Jahsh. Hassan ndiye aliyekuwa akimtetea Mtume kwa mashairi. Hamna ni dada wa Bibi Zaynab, mke wa Mtume, na inasemekana alichukuliwa na mapenzi ya dada yake. Mistah alikuwa miongoni mwa watu wa vita vya Badr, na riziki yake ilitoka mkononi mwa Abubakar, baba wa aliyesingiziwa. Hawakuwa wanafiki hawa. Uongo haukuanza kwao. Waliupokea wakaupitisha kwa mwingine, na Qur'ani ikawakemea waumini kwa kulichukulia jepesi jambo ambalo mbele ya Mungu ni zito. Mistah alipigana Badr, na viboko 80 vikamkuta. Sisi tumepigana wapi?

Baadhi yenu mnaogopa polisi kuliko mnavyoiogopa sura hiyo, basi na sheria ya nchi muisikie. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Anayechapisha habari za uongo huku akijua ni uongo, kwa nia ya kupotosha, amewekewa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Mkulima wa korosho na apige hesabu: kwa ile bei ya shilingi 3,300 kwa kilo iliyotangazwa na Serikali mwaka 2018, hiyo ni tani moja na nusu, imekwenda kwa kidole kimoja. Picha za utupu, na hasa za watoto, adhabu yake ni kubwa zaidi.

Sheria hiyohiyo imesema neno la uadilifu juu ya wenye mitandao. Haimtaki anayehifadhi maudhui ya watu kupekua kila kinachopita. Inamshika akishajua au akishaarifiwa, kisha akanyamaza. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimpa mwenye tovuti saa 12 kuondoa kilichokatazwa baada ya kuarifiwa, na zile za mwaka 2020 zikapunguza mpaka saa mbili. Wanafunzi wa fiqhi hapa wanaona undugu wake: dhima inakuja na kujua. Admini aliyekuwa shambani tangu alfajiri, simu haina chaji, si sawa na admini aliyeiona video, akaitazama mpaka mwisho, kisha akajifanya amelala.

Je, Serikali ina haki ya kuingilia? Ninavyo visa viwili, na lazima visikilizwe pamoja. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaingiza mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta maji. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka hiyo iliyolowa juu watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Huo ni ukaguzi, na umefanywa na mbora wa viumbe. Kisa cha pili kinasimuliwa kwa Sayyidna Umar: usiku mmoja alisikia kelele ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamwambia: mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu, umepeleleza, hukupitia mlangoni, na hukutoa salamu. Umar, pamoja na ukali wake wote, akamwacha.

Kwa hiyo soko hukaguliwa, nyumba haichunguliwi. Kundi la watu mia tatu ambao nusu yao hawajuani ni soko. Tovuti anayoifungua yeyote ni soko. Maneno ya mtu na mkewe, au ya mgonjwa na daktari wake, ni nyumba. Mtawala anayelinda soko tumtii na tumshukuru. Akiparamia ukuta, tumkumbushe kwa adabu, kama yule mtu alivyomkumbusha Umar.

Na watu wa huku hatukuwa mbali na mjadala huo. Kanuni za 2018 zilipotoka, mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi na milioni 1 ya leseni, na miongoni mwa yaliyokatazwa kulikuwa na maudhui yanayokera. Kukera! Mawaidha gani ya kweli hayamkeri mtu? Wanaharakati na wadau wa habari walikwenda Mahakama Kuu, Mtwara, jirani zetu hapa, na mwanzoni mwa Mei 2018 mahakama ikazizuia kanuni hizo kwa muda. Kabla mwezi haujaisha ombi lao likatupwa, kanuni zikaendelea. Mimi si mwanasheria, lakini kwa maoni yangu leseni ya milioni haisafishi ulimi wa mtu. Mzushi mwenye hela ataikata, na kijana mkweli wa Ruangwa asiye nayo atanyamaza.

Kuna na amana ya upande wa pili, tunayoisahau. Mwenye mtandao hupewa siri za watu. Maxence Melo wa mtandao wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kuwakabidhi polisi taarifa za watumiaji wake, na Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani katika shauri mojawapo: faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Mahakama imesema yake. Ninachotaka mkione ni mtu aliyeona kwamba walioandika kwake wamemwekea amana. Sasa wewe admini, namba za mabinti zilizomo kwenye kundi lako umewapa wangapi?

Na ilipofika 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mzushi alinyamazishwa, na mfanyabiashara mwaminifu alinyamazishwa naye. Mtume alipokuta nafaka imelowa hakulifunga soko la Madina. Alimkemea muuzaji. Wakubwa wetu nao ni wachungaji, na hadithi niliyoitaja ilianza na wao.

Huku kwetu uongo wa simu una bei kwa kilo. Msimu wa korosho ukifika, mtu anaandika kwenye kundi kuwa mnada umeanguka, chama chetu kikuu cha ushirika, RUNALI, kimekosa wanunuzi, malipo yatakwenda mpaka mwakani. Hana ushahidi, kasikia kijiweni. Bibi mwenye magunia mawili na mjukuu anayedaiwa michango ya shule anasomewa ujumbe huo, anashika kichwa, jioni anampelekea mlanguzi wa kangomba kwa bei ya kutupa. Wiki inayofuata mnada unafanyika na bei inasimama. Aliyeandika hakubeba gunia hata moja, lakini katika dhulma ile ana fungu lake, na admini aliyejua kuwa habari haijathibitishwa akaiacha ikalala pale usiku kucha ana lake. Surat al-Hujurat, aya ya sita, imetuamrisha kuchunguza kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Siku hizi minada inaendeshwa kwenye mfumo wa soko la bidhaa, TMX, na bei hazifichwi. Nenda kwenye chama chako cha msingi, AMCOS, ukaulize, kisha ndipo uandike.

Wengine mtasema mnasambaza kwa nia njema. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, huko Christchurch, New Zealand, mtu mmoja aliingia msikiti wa Al Noor, kisha wa Linwood, akawaua Waislamu 51, na mauaji ya mwanzo akayarusha moja kwa moja kwenye Facebook. Kampuni hiyo ilisema iliondoa video milioni 1.5 za tukio lile katika saa 24 za mwanzo. New Zealand ikafanya hata kuwa nayo ni kosa. Wapo waliokuwa wakiituma kwa kulia, wakidhani wanawaombolezea mashahidi. Lakini muuaji alirekodi ili ionekane, na kila aliyeituma, hata kwa machozi, alimtimizia haja yake.

Vijana wa vibanda vya kuingiza nyimbo na filamu kwenye memori kadi, nanyi mmo. Mtoto wa darasa la sita anakuja na shilingi mia tano, anataka katuni, anaondoka na uchafu kwa sababu hukupanga mafaili yako au kwa sababu ulipanga. Hiyo hela msiilete kwenye sanduku la msikiti.

Na sisi wa msikitini tusijione wasafi. Kundi letu wenyewe limejaa ujumbe wa "tuma kwa watu ishirini utapata habari njema, usipotuma utapata msiba". Huo ni uzushi. Na ukibandikwa jina la Mtume ni zaidi, kwa sababu kumsingizia maneno ni katika madhambi makubwa, na emoji ya mikono ya dua haipunguzi kitu.

Mzazi akigundua picha za binti yake zinazungushwa, asianze kwa fimbo. Binti ameshaumizwa. Usiitume ile picha kwa wajomba eti wakusaidie kumtafuta aliyeivujisha, kwa sababu hapo na wewe umekuwa msambazaji. Ichukue simu yenyewe, na namba iliyotuma, na saa iliyotumwa, uende polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Ukitumiwa ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii", namba ya tapeli itume kwenda 15040. Hayo ni bure na yana thawabu.

Maadmini, nawaomba mkitoka hapa msiende moja kwa moja kwenye wali. Kaeni chini ya mwembe, fungueni makundi yenu, futeni kinachovunja heshima ya mtu na habari msiyoijua ilikotoka. Andikeni masharti mafupi yanayosomeka, muwe na msaidizi anayeshika zamu mkiwa shambani, na aliyeonywa mara mbili atoke, hata akiwa shemeji yako. Na admini anayeona hawezi kulichunga kundi lake, alivunje leo kabla ya Magharibi.