Msafiri na Khabari Zake: Je, ni Hisani au ni Deni?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Yajulikana ya kuwa watu wa pwani, tangu kati ya karne ya 19, walikwenda bara wakakaa huko. Wengine walijenga Tabora, wengine Ujiji kando ya ziwa Tanganyika, na wenye kuthubutu zaidi walivuka ziwa wakafika Nyangwe na Kasongo katika nchi ya Manyema. Walifuata pembe, na wengine walifuata biashara ya watumwa, ambayo dhulma zake zina hesabu yake pekee mbele ya Mwenyezi Mungu. Safari ilikuwa ya miezi kwa miguu, na khati ilikwenda kwa mkono wa msafara. Reli haikufika Tabora ila mwaka 1912, wala Kigoma ila mwaka 1914. Basi mtu aliyeacha jamaa zake Mombasa au Unguja akaenda kukaa Manyema, jamaa hao hawakuwa na njia ya kumjua hali yake isipokuwa khati yake.

Je, khati ile ni hisani aifanyayo msafiri apendapo, au ni deni lililo shingoni mwake? Wengi hudhani ni hisani. Husema: nikipata nitapeleka, na nisipopata niandike nini? Dhana hii ni mbovu, na ubovu wake humdhuru mke kabla ya kumdhuru mtu mwingine.

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, kwa kauli yake mpya ambayo ndiyo itegemewayo, mke wa mtu aliyekatika khabari zake haolewi hata ipatikane yakini ya kufa kwake au ya kumwacha. Kauli ya kale ilimpa kungoja miaka 4, kisha akae eda ya kufiwa, ndipo aolewe. Lakini Imam aliiacha kauli hiyo. Wako wanavyuoni wa nyuma waliorukhusu ndoa kuvunjwa ikiwa masurufu hayapatikani kabisa, nao walitazama madhara ya mwanamke. Lakini mlango huo ni wa kadhi na mashahidi, si wa mke aliye peke yake nyumbani. Basi mtu yu Kasongo, ana nyumba mpya na watoto wapya, na kwa kuwa haandiki mistari miwili, mwanamke aliye pwani si mke wala si mjane. Wala asiseme hakuwa na njia. Talaka ya khati hupita mwenye kuandika akiinuia, na akiandika ya kuwa khati itakapomfikia ndipo ameachika, huachika kwa kumfikia. Qurani imekataza kumzuia mke kwa kumdhuru, na kunyamaza huku ni kuzuia.

Jambo hili si geni. Zama za Sayyidna Umar, Waislamu walipoweka miji ya Basra na Kufa na Fustat, watu walihamia huko na wengine wakaacha wake nyuma. Imam Shafi'i amepokea ya kuwa Umar aliwaandikia maamiri wa majeshi juu ya wanaume hao: ama wapeleke masurufu, ama waache, na watakaoacha wapeleke masurufu ya siku walizoyazuia. Nao walikuwa katika jihadi. Mwenye kufuata pembe atakuwa na udhuru gani?

Pana mwingine huandika, tena huandika sana, lakini khati zake zote ni afya na kheri. Yeye yu mgonjwa, anadaiwa na Wahindi wa pwani waliomkopesha bidhaa, na msafara wake umepotea. Akiulizwa husema, sikutaka kumtia mama simanzi. Hoja hii ina uzito wala haifai kukataliwa kwa haraka. Homa ambayo mama hawezi kuitibu kutoka Mombasa, si lazima aambiwe. Na maneno yenye maana mbili yatosha kumwokoa mtu na uongo. Lakini deni si homa. Deni hutangulia mirathi, na aya ndefu ya Suratil-Baqara imeamrisha liandikwe. Mwenye kulificha huwaachia warithi wagawane mali isiyokuwa yao.

Na zaidi ya deni ni mtoto. Aliyezaliwa bara, kwa mke au kwa suria ambaye baba amekiri uzazi wake, ni mrithi sawasawa na ndugu zake wa pwani. Akifichwa, wenziwe watakula fungu lake. Na kijana wa pwani akifuata biashara bara aweza kumposa dada yake kwa baba asimjue. Wengi waliona haya kumtaja mtoto huyo mbele ya mke wa pwani, na haya hiyo siyo isifiwayo katika dini. Muhammad bin Juma el-Murjebi alikaa Tabora akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira, na mwanawe Hamed, aitwaye Tippu Tip, akaitaja ndoa hiyo waziwazi alipoandika maisha yake. Jambo halikumwaibisha mtu.

Vita vya Wabelgiji na Waarabu wa Manyema vilipokuwa, miaka 1892 hata 1894, Nyangwe na Kasongo zilianguka katika mwaka 1893. Aliyekufa humo bila kuandika madeni yake na watoto wake, hapakuwa na wa kuulizwa.

Wala umbali siyo sababu. Leo sauti ya mtu aliye Maskati au London hufika Lamu kabla chai haijapoa, na bado wako wenye wake na watoto ambao mama zao hawajui.

Mali ya aliyepotea haigawiwi hata pawe na ushahidi wa kufa kwake, au upite muda ambao watu wa rika lake hawaishi zaidi yake, na kadhi ahukumu. Na baba yake akifa pwani, fungu la aliyepotea huwekwa lisiguswe. Ndugu zake hawawezi kuliuza shamba zima, wala hapana akubaliye kupalilia minazi isiyojulikana ni ya nani, nao hungoja khati.

Wallahu aalam.