Je, Mtu Aweza Kudanganya kwa Maneno ya Kweli?



Amri ya Mungu yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Wengi wetu tuliikariri katika darasa la Kipaimara, nasi huikumbuka zaidi tusikiapo habari za mahakamani au masengenyo ya mtaani. Leo napenda tuipeleke mahali ambapo hatukuzoea kuipeleka, yaani katika matangazo ya simu janja. Matangazo hayo tunayaona kwenye mabango ya barabarani, katika televisheni, na ndani ya simu zenyewe. Je, yanasema kweli, au yanatupoteza?

Jambo hili si dogo. Simu kwa wengi wetu ndiyo benki, ndiyo posta, na kwa wengine ndiyo Biblia yao ya kila siku. Mama lishe huweka akiba miezi mingi ili ainunue, na wengine huichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Simu ikiharibika kabla ya deni kwisha, deni halifi pamoja nayo.

Yafaa kwanza tutenge sifa na maelezo. Muuzaji akisema kuwa simu yake ni bora kuliko zote duniani, hiyo ni sifa tu. Wazee walisema, kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hakuna mtu mzima atakayelala macho kwa ajili ya maneno hayo. Lakini akisema kuwa simu yake yastahimili maji, au kwamba picha hii ilipigwa kwa simu hii, hayo ni maelezo. Yaweza kupimwa, na mnunuzi huyategemea atoapo fedha yake. Hapo ndipo ushahidi unapoanza, na hapo ndipo amri hiyo inapotuhusu.

Natoa mifano mitatu ambayo habari zake ziko wazi kwa watu wote. Mwezi Septemba 2012 kampuni ya Nokia ilitangaza simu yake ya Lumia 920. Ilionyesha filamu ya msichana juu ya baiskeli, ili watu waone jinsi kamera ya simu hiyo inavyotuliza picha isitikisike. Watazamaji wenye macho makali wakaona katika kioo cha dirisha mpiga picha mwenye kamera kubwa. Filamu haikupigwa kwa simu ile, na kampuni ikaomba radhi. Mfano huu haututaabishi sana, kwa kuwa watu walionyeshwa kitu kisichokuwako.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Kati ya mwaka 2016 na 2018 tawi la Samsung nchini Australia lilitangaza simu za Galaxy kwa picha za watu wanaozitumia katika mabwawa ya kuogelea na baharini. Simu hizo kweli zilikuwa zimepimwa majini. Lakini zikiingia maji ya bwawa au ya bahari, kisha zikachajiwa kabla hazijakauka, tundu la chaji liliweza kupata kutu na kuacha kufanya kazi. Tume ya Ushindani na Walaji ya nchi hiyo ikapeleka shauri mahakamani. Kampuni ikakiri kuwa iliwapotosha wanunuzi, na mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ikaamuru ilipe dola za Australia milioni 14.

Wa tatu watoka Italia. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo iliitoza Apple faini ya euro milioni 10. Matangazo yalisema iPhone kadhaa zastahimili maji, nyingine hata kina cha mita 4 kwa dakika 30. Mamlaka ikaona kuwa hayakueleza wazi kwamba jambo hilo lilikuwa kweli katika maabara tu, kwa maji safi yaliyotulia. Zaidi ya hayo, maandishi mengine yalisema waranti haihusu uharibifu uletwao na maji. Mkono mmoja ulitoa ahadi, na mkono wa pili ukaichukua.

Hapa nawaomba wasomaji mtulie kidogo. Katika mifano hii miwili ya mwisho, hakuna aliyetunga kipimo. Herufi IP na tarakimu mbili zinazofuata, ambazo mwaziona kwenye maelezo ya simu, ni kipimo halisi cha kimataifa. Tarakimu ya kwanza yahusu vumbi, ya pili yahusu maji. Saba maana yake chombo kilistahimili kuzamishwa mita 1 kwa nusu saa. Nane maana yake kilistahimili zaidi ya hapo, kwa kadiri aliyoitaja mtengenezaji mwenyewe. Hayo ni kweli. Lakini kipimo hicho hakisemi neno juu ya chumvi ya bahari, wala sabuni ya kufulia, wala simu iliyokwisha kuanguka mara tatu sakafuni. Mvuvi anayeona bango lenye simu ndani ya mawimbi hasomi maabara. Anasoma bahari yake mwenyewe. Na aliyeitengeneza picha ile alijua hivyo.

Basi je, huo ni uongo? Tumtazame baba yetu Ibrahimu, katika sura ya 20 ya kitabu cha Mwanzo. Alipofika Gerari alisema kwamba Sara ni ndugu yake, na mfalme Abimeleki akamchukua mwanamke yule. Mambo yalipofichuka Ibrahimu alijitetea kwamba hakusema uongo, kwa maana Sara alikuwa kweli binti wa baba yake, ila si wa mama yake. Alichosema kilikuwa sahihi. Hata hivyo Abimeleki alilalamika kuwa ametendewa jambo lisilopasa kutendwa, na sidhani kama yuko msomaji atakayesema mfalme alikosea. Neno moja la kweli lilitumika kuficha neno la pili ambalo ndilo lililohitajika: kwamba ni mke wake.

Twajifunza hapa kwamba ukweli haupimwi kwa sentensi peke yake. Yatupasa kuuliza pia: msemaji alijua msikilizaji ataelewa nini? Akiwa alijua ataelewa visivyo, tena akapanga maneno au picha ili aelewe visivyo, amemdanganya, ingawa kila neno laweza kutetewa. Ibrahimu aliogopa kuuawa. Mfanyabiashara haogopi kuuawa, anatafuta faida. Kama hofu ya kifo haikumpa Ibrahimu udhuru mbele ya Abimeleki, faida itampaje udhuru mfanyabiashara mbele ya mteja?

Wako watakaosema kuwa mnunuzi ana macho, na maandishi madogo yapo chini ya tangazo, mwenye kutaka na asome. Hoja hii ina haki yake, kwa maana uzembe wa mnunuzi si sifa njema. Lakini tazameni sokoni. Mtu akijaza gunia mahindi yaliyobunguliwa, kisha akatandaza juu mahindi mazuri, hatumwambii mnunuzi kwamba angeingiza mkono hadi chini. Twamwambia muuzaji kuwa ni mdanganyifu. Aliyeandika ahadi kwa herufi kubwa na sharti lake kwa herufi ambazo mzee hawezi kuzisoma hata kwa miwani, ametandaza mahindi vilevile. Hata sheria yetu yaliona jambo hili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hapa Tanzania haikatazi uongo mtupu peke yake, bali yakataza mwenendo wa biashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha.

Wengine watasema kwamba muuzaji hana wajibu wa kueleza kila kitu. Nakubali. Halazimiki kunitajia bei ya duka la jirani. Ila lile analojua kuwa ndilo ninalolitegemea, tena analojua si kama ninavyodhani, hilo hana haki ya kulinyamazia.

Sasa nageukia nyumbani. Katika sharika zetu wamo vijana wanaojipatia riziki kwa kuuza simu. Hawakutunga matangazo, wao hukariri yaliyoandikwa kwenye boksi. Mteja akiuliza, "Kaka, hii haiingii maji?" nao hujibu, "Haiingii, dada, usiwe na wasiwasi." Kijana asiyejua hana hatia kubwa. Lakini akiisha kujua kwamba kustahimili maji kwa nusu saa si sawa na kutoingia maji kabisa, jibu lile limekuwa ushuhuda wake mwenyewe, si wa kampuni tena. Aweza kusema hivi: "Mvua kidogo si neno, ila usiizamishe baharini, na ikilowa usiichaji mpaka ikauke." Pengine atapoteza mteja mmoja siku ile, na mwisho wa mwezi atakuwa na pungufu ya kodi ya chumba. Sisemi kwamba ni rahisi. Nasema kwamba hiyo ndiyo bei ya amri hiyo kwake.

Nasi wanunuzi tuna wajibu. Kabla ya kutoa fedha tuulize maneno matatu: Jambo hili lilipimwa katika hali gani? Likishindikana, je, waranti italipa? Na ile nafasi ya GB 64 iliyoandikwa, ni kiasi gani kinachobaki kwangu baada ya mfumo wa simu wenyewe kukaa humo? Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Matangazo mengi ya simu si uongo kwa neno, na baadhi yake ni kweli tupu. Lakini yako mengi yaliyo kama neno la Ibrahimu kule Gerari. Tusiyaite ujanja wa biashara. Na tusiyaige tunapouza ng'ombe, kiwanja, au gari kuukuu; kwa kuwa anayenunua kwetu naye ni jirani.