Mpiga Ngoma na Ujira Wake

Kwa majuma matatu sisi washarika hapa Olasiti tulibishana juu ya mdundo. Kwaya ya vijana ilikuwa imerekodi nyimbo zake, na baadhi yetu tulisema mapigo yale ni ya Bongo Flava, hayafai madhabahuni. Wengine tuliwatetea vijana. Tulifungua Zaburi, tukahesabu matari na matoazi, hatukuafikiana.

Ubishi huu si mgeni nchini. Novemba 1969 wakuu wa mkoa waliupiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, wakiuona wa kigeni na wa kupotosha vijana. Lakini soul ilitoka kanisani. Aretha Franklin alikuwa binti wa mchungaji, na waimbaji wenzake wengi walijifunza kuimba katika makanisa ya Wamarekani weusi.

Mwezi uleule, mjini Cincinnati, James Brown alikuwa studio na bendi yake wakirekodi wimbo “Funky Drummer”. Katikati ya wimbo wengine walinyamaza, mpiga ngoma Clyde Stubblefield akaachwa apige peke yake. Sekunde 20 hivi, basi. Miaka ya 1980 vijana wa Marekani walipopata mashine za kunakili sauti, walikikata kipande kile na kukizungusha chini ya mashairi yao. Kikaingia katika nyimbo nyingi mno za rap, zikiwemo za Public Enemy, kisha katika muziki wa kudansi wa Uingereza. Bongo Flava nayo ilichipuka kutoka kwenye rap. Kwa hiyo mapigo tuliyobishania yana undugu na mikono ya mtu yule.

Stubblefield hakuandikwa kuwa mtunzi, na wengi waliokitumia kipande chake hawakumlipa. Alipougua saratani, mwanamuziki Prince alimlipia deni kubwa la hospitali pasipo kutangaza. Alifariki Februari 2017. Ukarimu wa Prince unatugusa sana. Hata hivyo tunajiuliza: mtu ambaye wengi wamevuna katika shamba lake, ilikuwaje akahitaji msaada?

Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa. Tumeusoma mara nyingi tukiwaza mashamba ya kahawa chini ya Meru na matajiri wake. Hatukuiwaza kwaya.

Siku ya uzinduzi wa albamu tulimshukuru mgeni rasmi, tukamvika shuka. Tulifanya na mnada. Jogoo mmoja aliuzwa mara nne. Kijana aliyetengeneza midundo yote, usiku, katika chumba cha kupanga, kwa umeme alioununua mwenyewe, alikaa benchi la nyuma. Tulimpa soda na kumwambia kazi ya Bwana haina malipo ya duniani. Mwenye studio tulimlipa mpaka shilingi ya mwisho, maana bila hivyo asingetukabidhi nyimbo.

Wapo watakaosema kujitolea ni ibada. Ndivyo, nasi tunaamini hivyo. Ila anayejitolea ni yule aliyeulizwa akakubali. Huyu hatukumwuliza.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa aliuliza tena kama midundo ile iondolewe. Mama mmoja akauliza jina la aliyeitengeneza. Tulitazamana. Wengi wetu hatukulijua.