Juu ya Zawadi na Daftari la Mgombea

Mzee mmoja wa usharika wetu alinijia jioni moja, daftari kwapani. Chama chake kilikuwa kimemteua kugombea udiwani, na kampeni zilikuwa zimekwisha kuanza. Akasema, "Mchungaji, nimenunua mabati 40 kwa ajili ya paa la kanisa. Kila mwaka hutoa, nawe wajua. Je, mwaka huu niyaandike katika hesabu za uchaguzi, au niyalete kimya kimya kama sadaka nyingine?"

Nakiri kwamba jambo la kwanza nililofikiri ni paa lenyewe, maana lilikuwa likivuja karibu na meza ya Bwana.

Wengi hudhani ya kuwa kutunza hesabu za uchaguzi ni kazi ya karani tu. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 yamtaka mgombea akiambie chama chake fedha alizo nazo na zile anazotazamia kupewa; asipite kiwango cha juu kilichowekwa; na uchaguzi ukiisha atoe hesabu, ipate kufikishwa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Mtu ajuaye kuandika na kutunza stakabadhi aweza kuyatimiza hayo. Kujumlisha si kazi. Kazi ni kukipa kila kitu jina lake.

Na jina hilo limetusumbua kwa muda. Mwaka 2000 Bunge liliruhusu wagombea kuwakirimu watu kwa desturi ya ukarimu, na jambo hilo likaitwa takrima. Nani angekataa? Kwetu asiyemkirimu mgeni huhesabiwa kuwa mchoyo. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu iliifuta ruhusa hiyo, kwa kuwa ilimpendelea tajiri kuliko maskini, wala hapakuwa na mpaka ulio wazi kati ya takrima na rushwa. Sisi tulioila pilau ile tulikuwa tukijua tangu zamani: mwenyeji wa kweli humkaribisha hata asiye na kura.

Basi nikamwuliza mzee, "Mabati utayaandika katika safu gani?" Akanyamaza. Akiyaandika kuwa gharama za kampeni, amekiri kwa mkono wake kwamba ananunua nyoyo za washarika, na zawadi ya namna hiyo sheria yaikataza. Asipoyaandika, atatia sahihi chini ya hesabu pungufu.

Hatimaye akajibu, "Lakini Bwana alitufundisha sadaka itolewe kwa siri."

Neno hilo lilinichoma, maana ni kweli. Nikamwambia, "Mzee wangu, siri ile ni ya mtu asiyetafuta malipo kwa watu. Wewe mwezi huu watafuta kura, na kijiji kizima chajua. Siri yako haitamficha mtoaji. Itaficha bei tu."

Tukalifungua daftari. Lori la shemeji yake halikuandikwa, wala mafuta aliyotiwa na rafiki, eti hawakudai kitu. Nikamshauri ayaandike kwa thamani yake pamoja na majina ya waliotoa, maana asiyedai leo huenda akadai diwani akiisha kuapishwa. Fedha ya kampeni nayo aitenge na fedha ya duka lake. Zilikuwa zimechanganyika hata yeye mwenyewe hakuweza kuzitambua.

Wala sisi wachungaji hatuna haki ya kumcheka. Mgombea akija ibadani twampa kiti cha mbele, twamtaja katika matangazo, halafu twapanda mimbarani kuhubiri habari za rushwa.

Mzee aliondoka bila furaha. Mpinzani wake, fundi wa baiskeli, hesabu zake zote zilienea ukurasa mmoja. Tulipatana kwamba mabati yakae ghalani kwake mpaka matokeo yatangazwe, nami nisiseme neno lolote usharikani. Baadaye, awe ameshinda au ameshindwa, kama angali anataka kutoa, alete.

Mvua za vuli zilitangulia siku ya kura. Jumapili mbili tuliweka ndoo karibu na meza ya Bwana.