Nani Aitwe Msafi?

Tangu 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, inatoa methadoni kwa waraibu wa heroini. Kila siku mtu anapanga foleni, anakunywa kikombe chake mbele ya mhudumu, anaondoka. Mtaani wengi hawakubali kwamba huko ni kupona. Wanasema teja kabadilisha unga kwa dawa tu. Kwao msafi ni yule aliyeacha kavu: kwa maombi, kwa kombe, kwa mizizi ya mganga, au kwa miezi kadhaa soba hausi, akivumilia arosto.

Siwabezi. Foleni ya kila siku kwa miaka inachosha, na sala humpa mtu kitu ambacho kikombe hakina. Lakini mwili uliokaa bila unga husahau kuustahimili. Akiteleza siku moja, akajidunga kipimo kilekile cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Methadoni hupunguza sana hatari hiyo. Achague maombi, sawa. Je, aliambiwa hili kabla ya kuchagua? Tena mara nyingi hachagui yeye. Huchagua mama na wajomba waliochoka na aibu, na hilo neno “msafi” wanalihitaji wao kuliko yeye.